Chumvi Si Kitu Kimoja

Kila mwaka, kidato cha kwanza wanapofika kwenye mada ya maada, napanga mezani visosa vinne vyenye unga mweupe: chumvi ya mawe niliyoitwanga, sukari, magadi na jasi. Swali ni fupi: kipi ni kipi? Sharti nalo ni moja, hakuna kuonja. Ulimi una kazi yake jikoni. Maabarani hauna nafasi, kwa sababu ipo siku kwenye kisosa patakuwa na kitu kisichosamehe.

Mwanzo wanakodoa macho. Macho hayawafikishi mbali, maana vyote ni vyeupe na vyote vimesagika. Kisha anajitokeza mmoja, mara nyingi binti aliyezoea kuinjika maharage nyumbani kwao, anaomba ndimu. Anakamulia matone kila kisosa. Kimoja kinafoka povu papo hapo: magadi hayo, yamejitaja yenyewe. Mwingine anachota kijiko cha kila unga uliobaki na kukoroga kwenye glasi za maji. Jasi inayachafua maji, halafu inatuama chini karibu yote. Chumvi na sukari zimepotelea ndani ya maji, hazionekani. Hapo tunawasha moto. Juu ya kijiko cha bati sukari inalainika, inageuka kahawia, inatoa harufu ya kashata, mwisho inabaki kaa jeusi. Chumvi inapasukapasuka, pa, pa, pa, kisha inatulia palepale, nyeupe vilevile.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari ya kata mkoani Lindi. Maabara yetu ni chumba chenye meza mbili, sinki lisilo na maji na kabati ambalo ufunguo wake naushika mimi. Simnung'unikii mtu. Vifaa vya somo hili vinapatikana genge la jirani, na vilivyobaki viko baharini.

Kitabuni imeandikwa kwamba maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Wanafunzi wanalikariri hilo siku ya kwanza na sijaona likimsaidia mtu, kwa kuwa visosa vyote vinne vina uzito na vyote vimechukua nafasi. Kazi huanza pale unapotaka kujua maada hii na ile zinaachana wapi. Hali zake tatu, yaani yabisi, kimiminika na gesi, wamezijua tangu shule ya msingi, nami sizikalii sana. Barafu, maji na mvuke ni kitu kilekile, kwa hiyo hali peke yake haikuambii umeshika nini. Kinachokuambia ni tabia.

Tabia zenyewe ziko za aina mbili. Ziko unazoweza kuzipima huku kitu kikibaki kilivyo: rangi, harufu, ugumu, joto la kuyeyukia na la kuchemkia, kiasi kinachoyeyuka majini, kama kinapitisha umeme au la. Hizo huitwa tabia za kiumbo. Na ziko zile ambazo ukitaka kuziona, lazima kitu kife kwanza. Magadi yaliyokutana na ndimu si magadi tena; sehemu yake imeondoka kama gesi ya kabonidayoksaidi, ndiyo lile povu. Sukari iliyoungua haiwezi kurudi kikombeni. Maji yake yamefukuzwa na kilichobaki ni kaboni. Hizo ni tabia za kikemikali. Chumvi nayo haikufa. Ule mlio wa kupasuka ni wa vitone vya maji vilivyofungiwa ndani ya chembe tangu ilipoganda. Vikigeuka mvuke vinapasua ukuta na kutoka. Ili chumvi yenyewe iyeyuke kwa moto inadai nyuzijoto 801, na kijiko chetu juu ya jiko la mafuta ya taa hakikaribii huko.

Baada ya kipindi hicho tunatoka kwenda mashamba ya chumvi, na hapa ndipo ninapotaka msomaji anifuate taratibu, kwa sababu sijaona darasa la kemia linalozidi shamba la chumvi.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa kuliko siku nyingine. Mkulima wa chumvi hungoja siku hizo, anafungua mlango wa bwawa la kwanza, maji yanaingia, anafunga. Katika kila kilo moja ya maji ya bahari kuna karibu gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na zaidi ya robo tatu ya hizo ndiyo chumvi tunayotia kwenye mboga. Piga hesabu utaona: hata kama hakuna chembe itakayopotea njiani, kilo moja ya chumvi ya mboga inadai zaidi ya lita 35 za bahari. Maji yote hayo yanaondolewa na jua na upepo, bure.

Bwawa la kwanza lina tope. Ukichota juu unapata kitu kimoja, ukichota chini unapata kingine. Huo ni mchanganyiko usiolingana, na dawa yake ni subira: tope linatuama lenyewe. Maji yakipelekwa bwawa la pili yameshakuwa maangavu. Nawapa wanafunzi kitambaa safi, nawaambia wayachuje ili wapate chumvi. Wanachuja mara ya kwanza, wanachuja tena wamekunja kitambaa mara nne, na maji yanayotoka chini yana chumvi ileile. Chumvi imeingiliana na maji kwa vipande vidogo mno, hakuna kitambaa wala karatasi ya kuvizuia. Ukichota juu, chini au pembeni, ni kitu kilekile. Nao huo ni mchanganyiko, ila ni mchanganyiko linganifu, na wa namna hii hautenganishwi kwa kuchuja. Lazima utumie tabia nyingine. Maji hugeuka mvuke kirahisi, chumvi haigeuki. Kwenye tofauti hiyo moja imesimama biashara yote.

Katika mabwawa ya ndani tunamkuta bibi mmoja aliyelima chumvi tangu kabla sijazaliwa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwalimu. Umeniletea tena watu wa kunibomolea kingo?”

Akishamaliza kunitania anaomba yai tulilomletea. Lazima liwe la siku hiyohiyo. Yai viza lina hewa ndani na litakudanganya. Analitia kwenye ndoo ya maji ya bahari yaliyoingia jana, linazama. Analitia kwenye ndoo ya bwawa la katikati, linaelea. Wanafunzi wanapiga makofi wakidhani tumefika.

“Bado,” anasema. “Hapa limeelea tu. Likitokeza juu kiasi hiki,” na anaonyesha kwa kidole gumba, “ndiyo chumvi iko njiani.”

Anachopima bibi ni densiti, uzito wa kitu kwa ujazo wake. Lita moja ya maji ya kisima ina kilo 1. Lita ya maji ya bahari ina kama kilo 1 na gramu 25. Maji yaliyo tayari kutoa chumvi yanafika karibu kilo 1 na gramu 200 kwa lita. Yai bichi liko katikati, ndiyo maana linazama huku na kuelea kule. Mashamba makubwa yana kipimo cha bomba la kioo chenye namba, kinachoelea kwa kanuni ileile. Bibi ana kidole gumba, na chumvi yake haina kasoro.

Sasa linakuja jambo ambalo hata walimu wenzangu wa sayansi hushangaa wakilisikia. Chumvi za bahari hazigandi kwa pamoja. Zinatoka kwa zamu. Maji yakibaki kama robo ya yalivyokuwa, inaanza kuganda jasi, ileile inayochimbwa wilayani Kilwa na kupelekwa viwanda vya saruji. Inajishika kwenye sakafu ya bwawa, kigaga kigumu kinachokwaruza nyayo. Chumvi ya mboga bado haijaonekana. Inasubiri mpaka maji yabaki kama sehemu moja ya kumi. Sababu ni kwamba lita ya maji inaweza kubeba gramu 2 hivi tu za jasi, lakini inabeba gramu 360 za chumvi. Anayebebeka kidogo ndiye anayeshuka kwanza. Mkulima aliyejua hilo anaiacha jasi bwawa la katikati, anayahamishia maji bwawa la mwisho, na huko anavuna chumvi safi kuliko ya jirani yake aliyeacha kila kitu kigandie pamoja.

Hata bwawa la mwisho lina mtego. Maji hayaachwi yakauke kabisa. Chumvi ikishatanda chini, juu yake hubaki maji mazito, machungu, yenye magnesiamu, na hayo lazima yamwagwe kabla ya kuvuna. Mwenye haraka au mwenye tamaa ya uzito huyaacha yakaukie humohumo. Mnunuzi ataijua chumvi hiyo masika ikifika. Magnesiamu hiyo hutoa chumvi inayovuta unyevu kutoka hewani hata hewa ikiwa kavu, kwenye unyevu wa asilimia 33 tu, wakati chumvi ya mboga iliyo safi haianzi kulowa mpaka unyevu ufike asilimia 75. Kwa hiyo kopo la chumvi linalotoa maji mwezi mzima wa kiangazi halijarogwa. Limebeba magnesiamu. Pwani wakati wa mvua hata iliyo safi italowa, hapo usimlaumu mkulima.

Basi kile tunachokiita chumvi, kikiwa kwenye gunia, ni mchanganyiko: chumvi yenyewe, jasi kidogo, magnesiamu kidogo, maji, na mchanga ikiwa mvunaji alikandamiza reki. Kiasi cha kila kimoja kinategemea mkono wa mtu. Ndiyo alama ya mchanganyiko popote ulipo: hauna kipimo cha lazima, na ulivyochanganywa ndivyo utakavyotenganishwa, bila kitu chochote humo ndani kubadilika asili.

Si pwani peke yake wanaojua hili. Uvinza, mkoani Kigoma, kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watu wamekuwa wakiyachemsha vyunguni kwa zaidi ya miaka 1,400. Utafiti wa J. E. G. Sutton na A. D. Roberts, uliochapishwa mwaka 1968, ulieleza habari za mafiga na vigae vilivyofukuliwa hapo. Huko walilipa kwa kuni kile ambacho sisi tunalipiwa na jua. Wapo na wale wanaotaka mvuke badala ya kilichobaki chini, wapikaji wa gongo, ambao sitawataja kwa vijiji vyao. Wanajua, bila kusoma popote, kwamba kilevi huchemka kabla ya maji. Huchemka kwenye nyuzijoto 78, maji kwenye 100. Wasichojua ni kwamba yupo ndugu yake kilevi, methanoli, anayechemka mapema zaidi, kwenye nyuzi 65, na huyo ndiye anayepofusha na kuua. Tabia ya kiumbo moja, tofauti ya nyuzi 13, na tayari tuna msiba.

Turudi kwenye chembe ya chumvi. Tuseme umeisafisha mpaka haina jasi, haina magnesiamu, haina tone la maji. Je, sasa ni kitu kimoja? Unaweza kuichuja, kuichemsha, kuitwanga, kuiyeyusha kwa moto na kuigandisha tena, na itabaki chumvi. Kwa muda mrefu watu wenye akili zao waliishia hapo. Mfaransa Antoine Lavoisier, katika kitabu chake cha mwaka 1789, aliorodhesha vitu 33 alivyoviona kuwa vya asili, visivyogawanyika tena. Humo aliweka hata mwanga na joto, ambavyo si maada kabisa. Aliweka na chokaa, ileile ambayo wazee wetu walikuwa wakiitoa kwa kuchoma matumbawe na kujengea misikiti ya Kilwa. Simcheki. Alikuwa ameweka kanuni ambayo naiona ya kiungwana kuliko nyingi: kitu kihesabiwe elementi mpaka atokee mtu wa kukigawa.

Mtu akatokea. Mwaka 1807, mjini London, Humphry Davy alipitisha umeme kwenye magadi makali yaliyoyeyushwa kwa moto, yale ya kutengenezea sabuni, na akapata metali ambayo hakuna aliyewahi kuiona: sodiamu. Mwaka uliofuata chokaa nayo ikasalimu amri, ikatoa kalsiamu. Mwaka 1810 alitangaza kwamba gesi ya kijani-njano iliyokuwa ikijulikana tangu 1774 ni elementi, akaiita klorini. Sodiamu na klorini, ndiyo chumvi.

Hapa huwa nasimama na kuwatazama wanafunzi, kwa sababu nataka jambo hili liwasumbue. Sodiamu ni metali laini, unaikata kwa kisu cha mezani. Ni nyepesi kuliko maji, na ukiitupia majini inaelea ikikimbia huku na huko, inatoa hidrojeni, na mara nyingi inashika moto. Huhifadhiwa ndani ya mafuta ya taa ili isionane na unyevu. Klorini ni gesi inayounguza mapafu; tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani liliifungulia upepo ikaenda kuwaua askari kwenye mahandaki yao. Kimoja kinalipuka kwenye maji, kingine ni silaha. Vikiungana, unavitia kwenye mchuzi na kumlisha mtoto.

Hiyo ndiyo kampaundi. Kwenye mchanganyiko kila kitu kinabaki na tabia zake: maji ya bahari yana ladha ya chumvi na unyevu wa maji, vyote viwili unavisikia mdomoni. Kwenye kampaundi elementi huacha tabia zao mlangoni, na kinachotoka ni kitu cha tatu. Tofauti nyingine iko kwenye mizani. Gramu 100 za chumvi safi zina gramu 39 za sodiamu na gramu 61 za klorini. Iwe ya Lindi, ya Uvinza, ya Katwe kule Uganda au ya mgodini Ulaya, hesabu haibadiliki.

Aliyeisimamia kanuni hiyo ni Mfaransa mwingine, Joseph Louis Proust, aliyefanya kazi Hispania. Mwaka 1799 alionyesha kwamba unga wa kijani wa shaba, uwe umechimbwa ardhini au umetengenezwa maabara, una shaba, kaboni na oksijeni kwa kiasi kilekile. Wanasayansi walibishana naye kwa miaka, yeye akashinda.

Unga huo wa kijani hatuna haja ya kwenda Hispania kuuona. Masultani wa Kilwa waligonga sarafu zao za shaba karne nyingi zilizopita, na zinazofukuliwa mchangani hutoka zimefunikwa kutu ya kijani. Chini ya kutu ni shaba, elementi, nyekundu na inayong'aa ukiikwangua. Kutu yenyewe ni shaba iliyokwisha kuoana na hewa, unyevu na chumvi ya bahari; imekuwa kampaundi, na kuipiga msasa hakuirudishi kuwa shaba, kunaiondoa tu. Ukitaka kuona aina ya tatu, nenda Unguja uangalie misumari mikubwa ya njano kwenye milango ya zamani. Ile ni shaba iliyoyeyushwa pamoja na zinki, kwa kiasi alichotaka mhunzi. Kiasi kinabadilika kwa matakwa ya mtu, kwa hiyo ni mchanganyiko, ingawa ni mgumu kama jiwe na huwezi kuona mahali zinki ilipo.

Vitabu vingi vya shule vinamfundisha mtoto kwamba badiliko la kiumbo hurudi nyuma na la kikemikali halirudi. Sikubaliani na kanuni hiyo na wanafunzi wangu wanajua. Glasi ikivunjika hairudi, na hakuna kemia yoyote iliyotokea, ni glasi ileile katika vipande. Betri ya gari kila ikichajiwa inarudisha nyuma badiliko la kikemikali, tena kila siku. Swali la kuuliza ni hili: je, pamezaliwa kitu kipya chenye tabia mpya? Chumvi ikiyeyuka majini unaipata tena jua likiwaka, ni badiliko la kiumbo. Sodiamu ikikutana na klorini, pamezaliwa kitu.

Leo elementi zinazojulikana ni 118. Chumvi imechukua mbili tu, sodiamu yenye protoni 11 katika kiini cha kila atomu na klorini yenye 17, na idadi hiyo ya protoni ndiyo jina halisi la elementi. Ikibadilika moja, ni elementi nyingine. Sodiamu unaweza kuishuhudia nyumbani bila Davy. Sufuria ya maji yenye chumvi ikifurika juu ya jiko la gesi, mwali wa bluu unageuka njano. Rangi hiyo ni saini ya sodiamu, ileile ya taa za barabarani za zamani zilizokuwa na mwanga wa njano.

Na klorini nayo iko nyumbani kuliko watu wanavyodhani. Dawa za kung'arisha nguo nyeupe, ambazo mtaani zote tunaziita jiki, zimeibeba ikiwa imefungwa ndani ya kampaundi. Mtu akizimimina chooni pamoja na dawa ya kusafishia yenye asidi, kifungo kinavunjika na gesi ileile ya Ypres inajaa kwenye chumba chenye kidirisha kimoja. Wengi huchanganya wakidhani dawa mbili zitasafisha maradufu. Mchanganyiko umekwisha kuwa badiliko la kikemikali kabla hawajashika brashi.

Limebaki jambo moja, na hili ndilo la kila jiko. Watu wengi wa pwani huamini kwamba chumvi ya shambani, kwa kuwa imetoka baharini, ina iodini ya kutosha. Haina. Iodini iliyomo baharini ni kidogo mno, na chumvi inapoganda haiibebi ya kutosha. Mwili ukiikosa shingo huota rovu, na mama mjamzito akiikosa anayeumia zaidi ni mtoto, kwenye ubongo. Ndiyo maana chumvi hutiwa iodini kiwandani au shambani, kwa kawaida kwa njia ya kampaundi iitwayo potasiamu ayodeti, makumi machache tu ya miligramu kwa kila kilo.

Kumbuka sasa tuliyoyasema kuhusu mchanganyiko: hauna kipimo cha lazima, unategemea mkono wa aliyeuchanganya. Kiasi kidogo namna hiyo kikikorogwa kwa koleo chini ya mwembe, gunia moja litapata nyingi na la pili litaambulia patupu, na kwa macho, magunia yote mawili ni meupe. Mashine ya kunyunyizia husambaza sawasawa, na vikundi vya wakulima wadogo wakisaidiwa kuipata tutakuwa tumefanya la maana kuliko semina nyingi.

Wewe unayenunua, uliza kama chumvi imetiwa iodini, au soma pakiti. Ile ya mawe usiioshe kabla ya kupikia, maana unamwaga iodini pamoja na mchanga. Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moto, jua na unyevu, maana hivyo ndivyo vinavyoipunguza. Na chumvi itie mboga inapokaribia kuiva.